Mahindi ya Sebuleni

Neno lenyewe ni la Kiingereza, vanity, na nimelipwa mshahara miaka mingi kulifundisha bila kulipenda. Halikosi kujitokeza katika kifungu fulani cha ufahamu, na likijitokeza, lazima mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu anyooshe mkono kuuliza maana yake. Kamusi ya shule inatoa maana mbili. Ya kwanza ni majivuno, hali ya mtu kujiona. Ya pili ni ubatili, jambo lisilo na faida yoyote, kazi bure. Hapo ndipo darasa linapogoma. Watoto wa Babati si wajinga, wanataka kujua inakuwaje neno moja libebe mtu anayejiona na pia kazi isiyozaa kitu, wakati kwa Kiswahili mambo hayo mawili hayajawahi hata kusalimiana.

Kwa hiyo huwa nawaacha wataje wenyewe. Upande wa kwanza hawaishiwi. Watasema maringo, nami nitawaambia maringo yako zaidi kwenye mwendo na shingo. Watasema majivuno, na hayo yako kifuani. Majidai yako mdomoni. Kujisikia ni lugha yao wenyewe, vijana, na wanaitumia kwa yeyote aliyepata simu mpya. Kupenda makuu ni jambo la wazazi wao, kwa sababu makuu yanahitaji muda. Upande wa pili wanakwama. Ubatili wanausikia kanisani tu, kwenye mahubiri ya msiba, na batili wanaisikia redioni: mkataba batili, ndoa batili. Mmoja aliwahi kuniambia ubatili ni kutwanga maji kwenye kinu. Nikampa alama zake, ingawa nilijua kwamba anayetwanga maji angalau mkono wake unapata nguvu.

Mfano mzuri nilikuwa nao siku zote, ila sikuwahi kuutoa darasani. Uko Maisaka, kwenye kiwanja cha baba yangu.

Wazazi wangu ni watu wa Singida, lakini mimi nimezaliwa Arusha, ambako baba alikuwa dereva wa serikali. Mkoa ulipogawanywa na Manyara ikazaliwa, wakubwa walihamishiwa Babati, na wakubwa hawahami bila madereva wao. Sisi familia tulifuata nyuma na magodoro juu ya lori. Babati ilikuwa mji mdogo ulioambiwa ghafla kwamba sasa ni makao makuu ya mkoa, na haikuwa imejiandaa. Ofisi zilibanana, na nyumba za kupanga zilikuwa za kugombania. Tulipata vyumba viwili Singe, kwa mama mmoja wa Kimbulu aliyefuga ng'ombe nyuma ya nyumba, mtu mwema aliyetupa maziwa na kutukataza kupiga misumari ukutani. Tukasema ni kwa muda tu. Nilimaliza shule nikiwa humo, nikaenda chuo, nikarudi mwalimu, na vyumba vilikuwa vile vile viwili.

Siku hizo kila aliyekuwa na cheo alikuwa anajenga. Kazi ikiisha, mkubwa anataka apitishwe kiwanjani aone mafundi wamefikia wapi, na baba anabaki nje ameegemea boneti akisubiri. Mtu anayesubiri lazima apate cha kufanya. Baba akawa anahesabu kona.

Hili la kona inabidi nilieleze. Nyumba ya kawaida ina kona nne na paa la mgongo wa tembo, maji ya mvua yanateremka huku na huku, basi. Nyumba ya mtu aliyefanikiwa ina kona nyingi. Ukuta unatoka, unaingia, unatoka tena, na paa linapanda na kushuka mpaka fundi mwenyewe anakuna kichwa. Hakuna mtu anayelala ndani ya kona. Lakini muulize yeyote nyumba ya fulani ikoje. Vyumba hatavitaja, atakuambia ina kona nyingi, na atalisema kwa heshima.

Baba alirudi nyumbani na hesabu hizo kama wengine wanavyorudi na matokeo ya mpira. Huyu ana kona kumi, yule wa idara nyingine amesikia na sasa anaongeza ya kumi na mbili. Mama alikuwa akiendelea kuchambua maharage, akasema kona za watu hazijawahi kumzuia mtu mwingine asilowe. Nadhani wakati huo tayari alikuwa amekwishaanza kujenga kichwani.

Alipokaribia kustaafu alipata kiwanja Maisaka, na alipostaafu akachora ramani mwenyewe, kwa kalamu ya risasi na rula niliyoiacha nyumbani. Nyumba ilikuwa na kona kumi na sita. Fundi aliitazama karatasi ile akiwa ameishika mbali na uso. Akamshauri baba apunguze, kwa sababu kila kona inakula mawe na saruji, na huko juu, pale bati mbili zinapokutana, ndipo mvua itakapoingia. Baba alimwambia kwamba wakubwa walijengewa na mafundi kona kumi na nne na hakuna mkubwa aliyesikika akiilalamikia mvua. Wahenga walisema jikune unapofikia. Baba alitaka kujikuna katikati ya mgongo.

Kiinua mgongo chake chote kilikwenda kulala chini ya ardhi. Msingi wa mawe ulipofika usawa wa magoti, fedha ikaisha. Kwenye kila mlango, wa mbele na wa vyumba, aliagiza mawe yasipandishwe kwanza, liachwe pengo, ili toroli za kifusi zipate pa kupita. Kifusi hakikuja. Ukisimama barabarani uliona kitu kama ramani ya nyumba iliyochorwa kwa mawe, sebule, korido, vyumba, jiko, vyote vikiwa na udongo mwekundu ndani na mbingu juu.

Sasa mama yangu ni mtu asiyeweza kuona udongo umekaa bure. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alichukua jembe kutoka Singe, akatembea hadi Maisaka, akapanda mahindi na maharage sebuleni. Baba aliyakuta yameshaota. Ugomvi wa siku hiyo mama mwenye nyumba aliusikia wote, kwa kuwa kuta zile za Singe zilikuwa nyembamba. Baba alisema amedhalilishwa mbele ya mji mzima.

“Watu watasema nimeshindwa,” alisema.

“Watasema tumekula,” mama akamjibu.

Akaendelea kulima. Masta, chumba chao cha kulala, alikipandia mbaazi, kwa sababu mbaazi zinakaa muda mrefu shambani na hicho ndicho chumba ambacho baba alisema kitamaliziwa mwisho. Jikoni akapanda maboga, nayo yakapanda juu ya mawe na kutambaa hadi koridoni. Choo cha ndani, ambacho kilikuwa fahari kubwa ya ramani nzima, kikawa cha mchicha. Alichota samadi kwa mama mwenye nyumba, ndoo moja moja kichwani, na chakula kilichotoka kwenye msingi ule kilikuwa kingi kuliko nilivyotaka kukiri. Polepole lugha ya nyumbani ikabadilika. Tulitumana kuleta mahindi ya sebuleni, tukabishana kama mbaazi za masta zimekauka. Siku moja mdogo wangu alimsifia mgeni wetu wa kanisani mchicha uliokuwa mezani, akamweleza kwamba huo ni wa chooni. Mgeni aliweka kijiko chini, na ilibidi mama aanze kuieleza nyumba yote tangu mwanzo.

Baba naye, alipoona mahindi hayaondoki, alitafuta njia ya kuishi nayo. Aliamua kwamba mazao ni ya muda na nyumba ni ya kudumu, na akaweka sheria. Hakuna kuruka ukuta. Msingi ulikuwa wa magotini, mtoto yeyote angeuvuka, lakini ukiinua mguu tu ulimsikia: “Pita mlangoni.” Hata yeye mwenyewe, akiwa na jembe begani na gunia mkononi, alizunguka kiwanja hadi pengo la mbele, akaingia, akafuata korido, akakata kushoto kwenye pengo la masta, kisha ndipo akainama kupalilia. Mama alifanya vivyo hivyo, kwa amani ya ndoa. Mimi nilifanya nikiwa naona haya, nikiangalia barabarani kama kuna mwanafunzi wangu anayepita.

Na wageni aliwatembeza. Yeyote aliyetoka Singida au Arusha kutusalimia hakuondoka Babati bila kupelekwa Maisaka. Baba alimsimamisha pengoni, akamkaribisha ndani, akamwonyesha sebule itakayokaa watu wote wa jumuiya ya kanisa bila kubanana. Hapa meza ya chakula. Hapa dirisha, jua la asubuhi linaingia. Kule nyuma ya masta kulikuwa na kona moja ambayo haikuonekana kutoka barabarani wala popote, kona ya kumi na sita, ambayo fundi aliipinga kuliko zote. Baba alieleza kwamba hiyo ni ya mama watoto, ataweka kiti chake hapo achambue maharage, upepo wa mlima Kwaraa usimfikie. Wageni waliitikia huku wakishika majani ya mahindi yasiwakate usoni. Niliwaona wakitazamana.

Nilipoanza kazi na mshahara ukatulia, nilimwita fundi yule yule bila kumwambia baba. Tulikubaliana kwamba vyumba viwili vya nyuma vinaweza kunyanyuliwa peke yake juu ya msingi uliopo, kona nne, mgongo wa tembo, madirisha mawili, na wazazi wangu wahamie kabla ya mvua nyingine. Nilikwenda kumweleza baba nikiwa na furaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama nataka ahamie kwenye banda la kuku. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyoweza kuikusanya, kwamba tunaendelea kulala kwa watu kwa sababu ya kona.

“Mimi nimewafungulia watu milango ya magari maisha yangu yote,” alisema. “Wa kwangu nitaufungua mwenyewe, na utakuwa mlango wa mbele. Sitaanza maisha yangu kwa kuingilia nyuma.”

Nilikasirika. Sikuikasirikia nyumba, nilimkasirikia yeye, na hasira ile ilinikaa muda mrefu. Nilimwona mama akipanda na kushuka na ndoo za samadi, magoti yake yakiwa yameanza kumsumbua, na nikamwona baba amesimama pengoni akimkaribisha mgeni mwingine kwenye mahindi. Muhula huo neno langu likajitokeza tena darasani, na kwa mara ya kwanza nililifundisha bila kubabaika. Niliandika ubaoni kwamba majivuno ni mbegu na ubatili ni mavuno, ndiyo maana Kiingereza kimeviweka kwenye ghala moja. Wanafunzi walinakili. Niliipenda sana sentensi ile, na kwa muda nilijisikia mwerevu.

Mwaka uliofuata baba alipooza upande wa kulia. Alirudishwa kutoka hospitali, akawekwa kwenye chumba cha mbele pale Singe, kwenye kitanda kilichogusa kuta mbili. Ulimi ulikuwa mzito, na sisi tulijifunza kumsikiliza kwa kumtazama mdomo. Mama aliendelea kwenda Maisaka, maana sasa tulihitaji chakula kile kweli kweli. Alimletea boga, akamlisha kwa kijiko. Baba akauliza limetoka wapi.

“Jikoni kwako,” mama alimwambia.

Akacheka, kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado yake. Tangu siku hiyo kila alichokula aliuliza kimetoka chumba gani, na mama alimtajia. Nilikuwa nakaa pale nikisahihisha madaftari na kuwasikiliza wakiitembelea nyumba yao kwa njia ya chakula. Nilishindwa kuendelea kumkasirikia, ingawa nilijaribu.

Alichotaka alinieleza mimi, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa kwanza. Ilikuwa jioni, mama yuko uani, na ng'ombe wa mama mwenye nyumba wanakamuliwa. Alinivuta mkono kwa ule wake uliokuwa mzima, akangoja mpaka nikainama. Maneno yaliyotoka yalikuwa safi kuliko yote aliyoyasema tangu augue.

“Msinitolee humu,” alisema. “Mkinitoa humu, mtakuwa mmenitoa nyumbani kwa mtu.”

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Mtu mzima anatolewa kwake. Mwili unaletwa nyumbani, unawekwa sebuleni, watu wanaaga, na kutoka hapo ndipo safari ya makaburini inapoanzia. Anayetolewa kwenye nyumba ya kupanga, ndugu zake huinamisha macho, na matanga yakiisha watu husema alihangaika sana marehemu, lakini hakuacha hata kibanda. Nilimwambia baba nimesikia. Sikumwahidi, kwa sababu sikuona ningemtolea wapi.

Alifariki wakati wa masika, mahindi ya sebuleni yakiwa yameanza kubeba.

Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alifika kutoka Singida kesho yake na kukaa mbele ya kikao cha familia kama ilivyokuwa haki yake. Ni mtu wa maneno machache na ya mwisho. Alisema yapo mambo mawili tu ya kuchagua, ama tumsafirishe marehemu Singida kwa baba yao, ama msiba uwe hapa hapa Singe, ambapo mama mwenye nyumba, Mungu ambariki, alikuwa tayari amefagia uwanja na kuwahamisha ng'ombe. Nilimweleza ombi la baba. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyefiwa.

“Huko kiwanjani kuna nini, mwanangu?” aliniuliza. “Unataka jeneza la kaka yangu tuliweke kwenye mahindi, watu wapate cha kusimulia? Alichekwa vya kutosha akiwa hai.”

Wajomba waliitikia. Nami, ingawa nilikuwa nimebeba ombi lile mwenyewe, niliona kwamba kila alichokisema kilikuwa kweli. Mama alikuwa amekaa mkekani pembeni na wanawake wa jumuiya, kanga imeshuka hadi machoni, na hakuna aliyetegemea kwamba angesema kitu. Mjane hasemi kwenye kikao cha wanaume. Aliinua kanga.

“Shemeji,” alisema, “nimelima sebule ya mume wangu miaka yote hii. Leo unaniambia haipo?”

Huyu ndiye aliyepinga nyumba ile tangu kona ya kwanza, aliyepanda mbegu ndani yake kwa kumkomoa mumewe. Baba mdogo alikuwa anayajua hayo, kwani naye alikuwa amewahi kutembezwa kwenye mahindi. Alitazama mikono yake. Baadaye alisema basi, kama mwenye nyumba ya Maisaka amesema hivyo, watu watafute turubai.

Wanawake walitaka kumzuia mama asiende Maisaka. Mjane anakaa, kazi zinafanywa na wengine. Alikubali wakate mbaazi za masta na kung'oa maboga ya jikoni na koridoni, lakini sebule aliikata mwenyewe kwa panga, akianzia dirishani, bua moja moja, magoti yake yakimwuma. Mahindi yalikuwa machanga mno hata kwa kuchoma. Mama mwenye nyumba alikuja na wapangaji wake wawili, wamebeba viti na sufuria zake kubwa, na aliporudi alichukua mabua kwa ajili ya ng'ombe. Kwa hiyo hapakuwa na kilichopotea, mama yangu alisema, akilisema zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Mchicha wa chooni ulibaki, maana hakuna aliyehitaji kuingia mle.

Asubuhi ya mazishi turubai lilikuwa limesimama juu ya msingi wote. Viti vya plastiki vilipangwa kufuata kuta. Watu wa Babati, wa ofisini na wa sokoni, madereva wastaafu, wazee wa kanisa, walianza kufika, na nikangoja nione nani atacheka kwanza. Walikuwa wameizoea ile bustani yenye kona nyingi, wengine walikuwa wakiitumia kuelekezana njia. Lakini waliposhuka barabarani walimkuta mama mwenye nyumba amesimama kwenye pengo la mbele, kwa kuwa mtu lazima awe mlangoni kupokea watu, na alikuwa anawapa pole na kuwaambia wapite ndani. Basi wakapita ndani.

Jeneza liliwekwa sebuleni. Jumuiya yote ilikaa, na hakuna aliyebanwa. Baba alikuwa amesema hivyo kwa kila mgeni aliyewahi kumtembeza pale, na sisi tulikuwa tukitazamana. Mama walimwekea godoro masta, kwenye visiki vya mbaazi. Aliomba lisogezwe, likasogezwa, akaomba lisogezwe tena, mpaka likafika nyuma kabisa, kwenye kona ya kumi na sita. Kwaraa ilikuwa imefunikwa na mawingu na upepo ulipiga turubai muda wote wa ibada. Mama, kwa vile alikuwa amekaa chini, haukumfikia.

Mchungaji alihubiri. Nililisubiri lile neno, nikijua litakuja, na lilikuja. Alisema yote tunayoyajenga chini ya jua ni ubatili. Alilisema kwa upole, kama wanavyolisema kwenye kila msiba, na watu wakaitikia amina. Nilitazama kuta zile za magotini, nikatazama shina la hindi lililokatwa vibaya karibu na mguu wa jeneza. Ile sentensi yangu ya ubaoni niliikumbuka neno kwa neno. Sikuitaka. Nilimtaka baba yangu, asimame pale pengoni anikasirishe.

Ibada ilipoisha, vijana sita walinyanyua jeneza. Gari la kubebea lilikuwa limeegeshwa upande wa jikoni, kwa sababu mbele palikuwa na tope la masika. Kutoka sebuleni hadi kwenye gari zilikuwa hatua chache tu na ukuta mmoja wa mawe usiofika kiunoni. Wa mbele aliinua mguu kuuvuka. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na waliobaki nyuma walikuwa wameshaanza kupandisha mabega ili jeneza lipite juu.

“Si hapo,” alisema baba mdogo.

Vijana walisimama, mmoja mguu ungali juu ya ukuta. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya sebule, kofia mkononi, na sauti yake haikuwa kubwa.

“Huo ni ukuta,” alisema. “Pitisheni mlangoni.”

Kijana akarudisha mguu chini. Waligeuka wote sita polepole, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito na udongo ulikuwa na visiki, na watu wakasogeza viti kuwapisha. Mama alikuwa ameinuka kwenye kona yake, naye akafuata korido. Mama mwenye nyumba alijibana upande wa pengo. Baba mdogo alitangulia mbele ya jeneza, akafika pale pasipo na ubao wala bawaba, akasimama kando na kunyoosha mkono, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Baba akatoka nyumbani kwake.